Mlima wa Mwezini Usio na Jina

Kwako Mama,

Bwana asifiwe. Mvua imefika Kabazi, ama bado mnaangalia mawingu tu? Na yule ng'ombe mwekundu, alizaa salama? Mimi ni mzima, ila nimechoka, Mama, uchovu wa kuingia mifupani. Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yako ndogo ya kabambe haipokei picha, na hii nataka uishike mkononi.

Unakumbuka Nyanya Ruth, mzee niliyekuwa nikimtunza huku Uskoti? Nilimuogesha, nilimlisha, nilimgeuza kitandani. Kabla ya kuugua, alikuwa akipiga picha za mwezi kwa darubini. Anasema ukingoni mwa mwezi kuna milima ambayo hakuna mtu ameipa jina. Hujitokeza kidogo, kisha hujificha tena. Kuna mmoja aliuona mara moja tu, mawingu yakaufunika kabla hajabonyeza kamera.

Juzi mwanawe aliamua Nyanya apelekwe makao ya wazee, nyumba iuzwe. Jioni yake ya mwisho nyumbani, nikiwa napika chai, mawingu yakafunguka.

"Grace, nitoe nje."

"Kuna baridi, Nyanya. Utaugua."

"Kwani sasa mimi ni mzima?"

Nikambeba mgongoni, nikamfunga mablanketi. Mikono yake hutetemeka na macho yamefifia, kwa hivyo yeye alielekeza, mimi nikaangalia kwa darubini na kubonyeza kamera. Vidole vyangu viliganda. Kiuno kiliniuma hadi nikataka kulia. Halafu nikauona: mlima mweupe, umesimama peke yake, nyuma yake giza tupu.

"Uko?"

"Uko, Nyanya."

Akanishika mkono. Asubuhi watu wa makao walipokuja kumchukua, alikuwa bado ameshika picha niliyomchapia usiku. Hii yako ni nakala. Usidhani ni ukingo wa kreta ya Menengai huko kwetu!

Kampuni iliyoniajiri ilinipa mgonjwa mwingine siku hiyohiyo. Nilifika mlangoni kwake, nikashindwa kubisha. Mama, nimebeba wazazi wa watu vya kutosha, na wewe unazeeka bila mimi. Nimewaambia narudi nyumbani.

Nisalimie shangazi pale sokoni Subukia, na mama mchungaji aliyeniombea nikisafiri. Na ndugu yangu wa Olkaria, mwambie asianze kunitafutia kazi huko kwake kwa mitambo ya stima. Kwanza nataka kulala kwako, mpaka niamke mwenyewe.

Ni mimi binti yako,
Grace