Ngamia Watatu wa Adeer Nunow

Ifrah, uko? Weka chai chini kwanza.

Dagane wetu leo amepewa tuzo ya utafiti bora na kitivo cha biashara. Hongera zake. Sasa sikia.

Msomi alienda Sangailu, huko Ijara, na fomu, akawauliza wazee arobaini, mmoja mmoja, wana ngamia wangapi. WANGAPI! Mtoto wa wafugaji! Huku kwetu idadi ya mifugo haitajwi, hata mwizi haulizi hilo. Wazee wakamjibu kwa adabu zao: wawili, watatu, alhamdulillahi.

Akaandika yote. Akachora na grafu.

Basi leo ukumbini, tai imemkaba, anatangaza kwamba ngamia wa Ijara wamekwisha. Mkuu wa kitivo, mgeni wa watu, anatikisa kichwa kwa huzuni. Wazee waliokuja kumpongeza wanaangalia viatu vyao.

Mkuu akaomba mfugaji mmoja athibitishe. Akasimama Adeer Nunow, baba yake mdogo, huyo huyo anayemlipia karo. Dagane akatabasamu, maskini.

Adeer akasema polepole, "Dagane, mwezi wa kwanza uliniuliza, nikakuambia niko na watatu. Tangu hapo nimeuza wanne ndio wewe usome. Hukushangaa?"

Ifrah. HUKUSHANGAA!

Nikadhani sasa ataomba msamaha akae chini. Wapi! Mshindi wetu akatoa kalamu, akashika maiki vizuri, na mbele ya watu wote akauliza:

"Kwani adeer, uko nao wangapi?"