Ofisi Kufungiwa Nje ya Seva Yake: Maelezo ya Shahidi

Jina: limehifadhiwa, shahidi ni mtoto
Umri: miaka 16
Kazi: mwanafunzi wa sekondari
Makazi: kwa shangazi yake
Aliyekuwepo: shangazi

Afande ameniruhusu niandike kwa mkono wangu, maana nikiulizwa mbele za watu sauti inakatika. Mambo ya kompyuta nimesomeshwa kwa Kiingereza, kwa hiyo pale neno litakaponipotea naomba nivumiliwe.

Baba ana ofisi inayohifadhi tovuti na barua pepe za wateja kwenye seva ya Linux. Seva yenyewe iko mbali, tunaingia kwa mtandao. Fundi mliyemshika ndiye anayeitunza. Mama ndiye aliyekuwa akijibu wateja, mpaka alipofariki mwezi Machi. Baada ya msiba Baba alifuta barua zote za Mama kwenye seva na kubadilisha neno la siri la akaunti yake, ili aitumie yeye. Mimi nikahamia kwa shangazi. Nikitoka shule napitia ofisini kumsalimia Baba.

Mnamo tarehe 4 Juni, jioni, seva ilianza kutukataa. Unaandika neno la siri sahihi, inagoma. Unasubiri kidogo, inakubali, halafu inagoma tena. Kesho yake asubuhi ilikuwa shwari, jioni yakawa yale yale. Fundi alinitania, "Bosi mdogo, hii seva asubuhi mchamungu, jioni inapandisha mashetani."

Alikagua diski, akakagua saa ya seva, akaizima na kuiwasha. Wapi. Mnamo tarehe 11 Juni alitoka barabarani, akajaribu kwa bando la simu yake, akaingia bila shida. Alirudi anahema.

"Mzee, seva ni nzima. Inatufungia ofisi hii tu. Kifaa kikikosea neno la siri mara kadhaa, programu ya ulinzi inafungia anwani ya mtandao kilikotokea, na humu wote tunatumia anwani moja. Kuna kitu humu kinabisha hodi na neno la siri la zamani."

"Akaunti ya nani?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Ya marehemu, Mzee."

Baba alisimama. "Sisi wote hatuingii, unaingia wewe peke yako. Na sasa unamsingizia mke wangu? Nani mwingine ana funguo za akaunti yake?"

"Basi nikague simu za humu, dakika moja tu."

"Utukague sisi? Wewe uliyeniletea barua ya kuacha kazi juzi?"

Nilikuwa nimesimama kando ya printa, mkoba begani. Ndani ya mkoba kulikuwa na simu ya Mama. Nilipokuwa bwenini aliniandikia kupitia anwani ya shule, na barua hizo zimebaki kwenye simu hiyo tu. Nilianza kutembea nayo tarehe 4 Juni, na naichaji kila siku. Ikifika ofisini inashika mtandao yenyewe na kujaribu kuingia kwa neno la siri la zamani. Nilielewa palepale. Ili simu iache kujaribu, lazima akaunti iondolewe, na ikiondolewa barua zinaondoka nayo. Niliingiza mkono mkobani nikaizima.

Kesho yake asubuhi Fundi alikamatwa. Jioni tukaingia kwenye seva vizuri. Baba alinishika bega. "Umeona, mwanangu? Kashikwa yeye, seva imetulia." Nikajibu, "Ndiyo, Baba."

Imetulia kwa sababu niliizima simu. Fundi hajafanya lolote. Mama alipolazwa, ni yeye aliyemfundisha kujibu wateja akiwa kitandani, na ndiye aliyeweka akaunti hiyo kwenye simu.

Simu nimeileta. Iwasheni ofisini mbele ya Baba, mtaona seva ikifunga. Fundi akisema akaunti iondolewe, na iondolewe. Jana nilianza kuzinakili barua za Mama kwa mkono, nikashindwa kuendelea kwenye ile anayoniuliza kama nakula.

Nimeandika ninayoyajua, hakuna aliyenituma, na shangazi amesoma kabla sijatia sahihi.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya askari: Nimepokea simu moja, imezimwa. Shahidi alipoulizwa kama baba yake anajua amekuja, alitikisa kichwa. Ameomba mtuhumiwa aambiwe kwamba amesema. Nimekwenda mahabusu nikamsomea maelezo haya. Mtuhumiwa aliuliza kama mtoto ameshapewa nafasi ya kunakili barua zake. Nimempa shahidi simu, karatasi na meza. Bado anaandika.