Niliandika Mimi ni Mkurugenzi, Sasa Wanamtaka Mchoraji Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako haraka kabla sijaharibikiwa kabisa, maana nimekwama, mbele siendi nyuma sirudi, na aliyenikwamisha ni mimi mwenyewe na CV yangu. Mimi ni mchoraji wa kujitegemea, nachorea kwenye meza ya jikoni vyombo vikishaoshwa, nachora mabango ya saluni, kuta za chekechea, vijitabu vya kliniki, na tangu utotoni ndoto yangu ni kuchora vitabu vya watoto, basi wachapishaji walipotangaza kazi nikaona aibu kuandika kwamba niko peke yangu jikoni, nikaandika mimi ni Mkurugenzi Mtendaji wa kampuni ya watu saba (na kweli tuko saba, ukihesabu na watoto), mama mkwe nikamfanya Meneja wa Utumishi, namba ya shemeji nikaiweka kuwa ya mapokezi, nikajaza kurasa sita za dira, dhamira na kuratibu michakato ya ubunifu, na michoro yangu nikaibandika mwishoni kabisa, nikaandika chini yake "Kazi ya Kitengo cha Michoro".

Jumatatu mhariri wao, dada mmoja, akapiga, shemeji akapokea kwa sauti ya watu wa benki, "Subiri nikuunganishe na bosi," akaniletea simu nasugua sufuria. Mhariri akasema, "Bosi, samahani, kampuni yenu ni kubwa mno kwetu, sisi tulikuwa tunatafuta mtu mmoja tu. Ila huyo kijana wako aliyechora mbuzi anakula daftari, jamani, tumecheka ofisi nzima! Hebu tuazime. Aje Ijumaa, tumpe vitabu vyote vya darasa la kwanza."

Mshauri, huyo mbuzi nimemchora mimi! Lakini nikajibu kibosi, "Nitaongea naye." Mke wangu alikuwa amesimama pale pale, akasema, "Ukiongea naye mwambie arudi nyumbani, mimi niliolewa na mchoraji. Wewe bosi sikujui." Sasa nauliza, je, niende Ijumaa nikijifanya kijana wangu wa kazi, nivae kofia na kubadili sauti? Mama mkwe naye kanogewa na cheo, anasema hakuna mfanyakazi kutoka bila yeye kusaini.

Ni mimi, Mkurugenzi wa Jikoni.

JIBU

Mkurugenzi, pole. Nimecheka, halafu nimekukasirikia. Mtu mzima na akili zako umejenga kampuni nzima kwa maneno, ukampandisha cheo kila mtu nyumbani kwako isipokuwa yule mmoja anayefanya kazi. Kofia? Vitabu vyote vya darasa la kwanza utavichora umevaa kofia? Acha mambo hayo.

Leo hii, kabla hujamaliza kusoma gazeti, mpigie mhariri kwa simu yako, siyo ya mapokezi. Mwambie, "Dada, mbuzi ni wangu. Hakuna kampuni, niko peke yangu, niliona aibu nikatia chumvi." Huenda atakasirika. Huenda pia atashusha pumzi, maana alishakuambia mwenyewe anatafuta mtu mmoja, ila wewe ulikuwa umeshughulika na ubosi hukusikia.

Kisha chana hizo kurasa sita, andika moja. Mstari wa kwanza: mimi ni mchoraji. Mbuzi akae juu, si mwishoni kama mgeni asiyealikwa. Halafu zitaje kazi zako kwa lugha ya kawaida: kliniki iliomba nini, ukachora nini, na akina mama walielewa au walibaki kuuliza. Saluni usizionee haya, bango linalomsimamisha mpita njia ni kazi. Dira na dhamira waachie wenye majengo. Wadhamini wawe watu uliowafanyia kazi, mwalimu mkuu wa chekechea ile anatosha kuanzia, na umwombe ruhusa kwanza.

Mama mkwe mstaafishe kwa heshima zote. Ukimfukuza hivi hivi, hayo yatakuwa matatizo mengine na utaniandikia tena.

Na Ijumaa nenda kichwa wazi, na penseli yako. Wakikuuliza bosi yuko wapi, waambie amefukuzwa kazi, na mkeo ndiye aliyesaini barua.