Mama Mkwe Alivyotuaga kwa Kilopaskali

Shoga, uko? Kaa chini kwanza. Kaka yangu leo nusura amzike mama mkwe wake akiwa hai!

Kampelekea mashine mpya ya kupimia presha. Akamfunga mkanda mkononi, mashine ikalia, kaka akasoma: kumi na sita kwa kumi. KUMI NA SITA! Na mama siku zote huwa mia na ishirini na kitu. Kaka akampigia simu jirani yao ambaye ni nesi.

Mama akajilaza kwenye kochi. "Basi ndiyo nimefika. Mkwe wangu, nakuaga. Wewe ndiye mwanangu, kuliko hawa wanaume wawili niliowazaa."

Na hao wawili wamesimama mlangoni wanasikia! Mlangoni, shoga!

Nesi akaja mbio, akaitazama mashine, akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Hii imewekwa kwenye kilopaskali, na sisi tumezoea milimita za zebaki. Zidisha kwa saba na nusu."

Kaka akapiga hesabu kwenye simu. Mia na ishirini kwa sabini na tano. Mama buheri wa afya!

Kaka hajui aweke wapi macho. Mama akajiinua taratibu, akauweka sawa mtandio wake, akasema, "Basi na yale niliyosema myagawanye kwa saba na nusu."

Mwanawe mkubwa akamjibu, "Hata tukigawanywa wote kwa saba na nusu, mama, shemeji bado anaongoza."