Magoti Yangu Mbele ya Watawa

Mjukuu wangu Koku,

Marahaba. Huku Bukoba hatujambo. Shangazi yako anavuna kahawa, na goti langu linasumbua kama kawaida yake.

Unauliza kama akina mama wa kanisani huko mjini Saint Paul, Marekani, wanasema kweli, kwamba miaka ya tisini, tulipokuwa tukiishi huko, niliwapigia magoti watawa wa Kibudha. Ni kweli kabisa.

Babu yako alipofariki, theluji iliziba mlango wetu. Watawa wa nyumba ya jirani walikuja na sepetu bila kuitwa, wakafungua njia ili watu waje kutupa pole.

Msiba ulipoisha niliwapikia ndizi, nikawapelekea nyumbani kwao. Nikapiga magoti, nikamnyooshea mkubwa wao bakuli kwa mikono miwili, kama sisi Wahaya tunavyompa mtu wa heshima. Akarudi nyuma! Nilikasirika, mpaka mwenzake aliponieleza kwamba mtawa hapokei kitu mkononi mwa mwanamke. Yule mzee akatandika kitambaa sakafuni, nikaweka bakuli juu yake. Kisha akamwombea babu yako kwa lugha nisiyoijua, nami nikalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Jumapili akina mama wa kanisani wakaniuliza, "Mama, siku hizi unaabudu sanamu?"

Nikawajibu, "Nilikwenda kushukuru. Nyinyi mlikuwa mnasubiri theluji iyeyuke."

Wakikuuliza tena, usinitetee. Wapelekee watawa ndizi, asubuhi, maana baada ya saa sita mchana hawali. Na ukifika, piga magoti yote mawili. Moja lako, moja langu.

Bibi yako