Mama Aliyetoka Nikiwa Katikati ya Kichekesho

Jumatatu, Rau. Manyunyu tangu asubuhi, sauti imenikauka, na bado nimejifunika shuka.

Jana nilipanda Old Moshi kuchekesha watu. Kwaya ya parokia ilikuwa na sherehe baada ya misa, wakanialika mimi, binti wa Kiislamu wa mjini, niwape nusu saa. Nilikuwa nahofia baridi, spika mbovu na wazee wasiocheka. Kilichonipata sikukihofia kabisa.

Nilianza na kile cha mume anayekoroma mpaka ng'ombe bandani anaitikia. Hicho hakijawahi kuniangusha. Watu wakacheka vizuri. Ghafla mama mmoja wa benchi la mbele akajifunika uso kwa kanga, akainuka, akatoka.

Uwanja mzima ukanyamaza.

Nilimaliza dakika zangu kama mtu anayetembea kwenye tope. Niliposhuka, katekista akaninong'oneza: "Yule ni Mama Aloisi. Alimzika mumewe wiki tatu zilizopita."

Nakiri, nilitaka kukimbia. Nilishafika barabarani ndipo nikageuka, nikauliza kwake ni wapi.

Nilimkuta bandani, akimkatia ng'ombe mgomba.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kukuomba radhi. Sikujua."

"Marahaba. Radhi ya nini, mwanangu?" Akaweka panga chini. "Nilitoka kwa sababu kicheko kilinibana. Watu wangesema nini, mjane wa wiki tatu anacheka? Tangu msiba, kila anayekuja hapa ananisimulia habari za malaika. Wewe ndiye uliyemtaja mume wangu."

Akamtazama ng'ombe. "Na huyu alikuwa anaitikia kweli. Sasa sote wawili hatulali, kimya kimezidi."

Sikujua nicheke au nilie. Akaniomba nimmalizie kipande alichokikosa, nami nikamwigizia palepale, viatu vyangu vya shoo vikiwa kwenye samadi. Alicheka mpaka akakalia ndoo, machozi yakimtoka. Nikachuchumaa karibu yake, nikamwacha alie mpaka atosheke.

Kisha akanifungia ndizi mbivu nibebe, akaniuliza kama mama yangu yu hai.

Miaka minne nafanya kazi hii nikiogopa ukimya wa watu kuliko kitu chochote. Jana nimegundua kwamba hata siuelewi.

Jumamosi nasimama Bomang'ombe, mbele ya watu nisiowajua wala misiba yao siijui. Naogopa, na natamani ifike.