Vichaka vya Roelfien

Jumamosi, 11 Februari

Nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri asubuhi hii. Bomba la bafuni limeganda. Kijiji kizima kiko mferejini kinateleza barafuni, na jirani yetu Jannes kashaanguka mara moja. Anasema makalio yanamuuma ila hataki kurudi nyumbani. Mimi nimebaki na supu yangu ya njegere.

Dada Roelfien kasimama dirishani tangu tumalize kula. Uso kaugeuza upande. Ndivyo anavyotazama siku hizi, maana katikati ya macho yake kuna ukungu na kinachoona ni pembeni tu.

"Vichaka vyangu," akasema.

Viko vinne, kando ya banda la baiskeli. Kavipanda mwenyewe mwaka aliostaafu ualimu. Kiangazi vikitoa maua vinajaa vipepeo, naye anakaa na kahawa yake anawaita kwa majina kama watoto wa darasa la pili. Daktari wa macho alisema mwezi wa Novemba: kiangazi hiki labda atawaona. Kijacho asitegemee. Tatizo la aina hii halina dawa. Nilikuwa nimekaa pale pale, nilisikia.

Nimemwambia vichaka kama vile havifi kwa baridi. Nimesema tu. Mimi na bustani wapi na wapi.

Jumanne, 20 Machi

Theluji imekwisha. Waridi la Jannes linachipua, magugu yetu yanachipua, kila kitu kinachipua. Vile vinne ni vijiti. Kijivu. Mwaka jana wakati huu vilikuwa na majani.

Dada anauliza kabla hata ya kahawa. "Vipi?" Nasema bado. Anasema haya. Tunakunywa kahawa.

Jannes kaja na ushauri — aliendesha lori la maziwa miaka yote, kwa hiyo anajua kila kitu. "Kwaruza gome kwa ukucha, Hilje. Chini pakiwa kijani, kiko hai." Akakwaruza. Kahawia. Akakwaruza chini zaidi. Kahawia. Karibu kabisa na udongo, kijani! Kidogo, kama uzi. Nilifurahi mpaka nikamkatia Jannes kipande cha pili cha keki, kitu ambacho hakijapata kutokea katika nyumba hii.

Alhamisi, 12 Aprili

Kumbe mbinu ya ukucha kila mtu anaijua. Mleta barua kakwaruza. Yule mama wa kwaya kakwaruza. Fundi aliyekuja kutengeneza bomba naye, kabla hata ya kufungua begi lake. Wote wanainama, wanakwaruza, wanatikisa kichwa, wanatwambia tuwe na subira. Vijiti sasa vina makovu kuanzia juu hadi chini.

Nimemwambia Jannes yeye ndiye aliyeanzisha, sasa basi, inatosha. Anaapa kwamba amekwaruza mara ile moja tu. Simwamini. Kila asubuhi nakuta makovu mapya.

Jumatatu, 14 Mei

Dada katimiza miaka sabini na nne. Viti vyote vimepangwa duara sebuleni, watu wakaingia mmoja mmoja, wakazunguka kupeana mikono, na kwa desturi kila mtu anapongezwa. Hongera Roelfien. Hongera Hilje kwa dada yako. Hongera Jannes kwa jirani yako. Kahawa, keki, kahawa. Halafu mada ya hali ya hewa ikaisha, na binamu Geert akasema twende tukaone vichaka.

Wakatoka wote na sahani zao. Nimesimama mlangoni nikaona kucha zinatolewa. Ningefanya nini? Ni wageni.

Geert anasema ving'olewe. "Vimekufa hivyo, Roelfien. Watakatifu wa barafu, zile siku za baridi ya mwisho, wanaisha leo, kesho unapanda vingine." Dada akamjibu taratibu kwamba yeye mwenyewe amezeeka kuliko vichaka na bado hajang'olewa. Watu wakacheka. Geert kacheka mwisho, na kidogo.

Dada hakutoka nje na wenzake. Nilidhani kachoka.

Jumamosi, 19 Mei

Nimejua nani anakwaruza.

Niliamka mapema kufungulia kuku. Dada alikuwa bustanini, gauni la kulalia na mabuti ya mvua, kachuchumaa. Ukucha wa kidole gumba unakwenda juu ya gome, taratibu, halafu anakisogeza kijiti karibu na jicho, anageuza uso huku, anageuza kule. Anaanza tena chini kidogo.

Nikasema, "Roelfien."

Hakushtuka. Akanyoosha kijiti kuelekea kwangu. "Niambie hapa. Ni kijani?"

Ilikuwa kijani. Mbichi, inatoa maji, kijani ambayo hata Jannes angeiona bila miwani akiwa upande wa pili wa barabara. Naye alikuwa ameipita akiendelea kutafuta.

Nikamuuliza tangu lini. Tangu Pasaka, akasema. Rangi zote zimekuwa uji. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekwambia ungefanya nini?"

Nikamwambia ni kijani, dada, kijani kabisa, akasema asante, nikamwinua, nikamwosha kucha jikoni kwa brashi ya viazi. Kisha nikaenda kwenye banda la baiskeli nikalia. Nililia kwa hasira. Nimemkasirikia yeye, daktari, baridi, na mimi mwenyewe niliyekuwa namsingizia Jannes.

Jumapili, 3 Juni

Kimoja kimechipua! Siyo kwenye vijiti. Chini, kwenye udongo, mahali ambapo hakuna aliyefikiria kukwaruza. Machipukizi mawili meupe meupe. Baada ya ibada nikakuta na kichaka cha pili kimechipua. Vile viwili vingine, hapana.

Nilimshika dada kidole nikakipeleka pale. Akagusa muda mrefu. "Laini kama sikio la paka," akasema.

Jannes kaja na msumeno, kakata vijiti vyote vilivyokufa. Nimemwomba radhi kwa yale ya Aprili. Anasema kesi imefutwa kwa keki. Halafu, dada alipoingia ndani, akaninong'oneza: kinachoanzia chini kinachelewa. Maua, kama yatakuwepo, Septemba.

Septemba. Nimeosha vyombo vyote vya kabatini, hata visivyo vichafu.

Jumatano, 11 Julai

Tumekwenda mjini kwa daktari wa macho. Kijana mwingine, mpole. Kasema mambo yanakwenda kasi kuliko walivyodhani. Kuona kwa pembeni kutabaki. Mlango atauona, mtu atamjua kwa mwendo wake. Kitu kidogo chenye rangi, hapana.

"Kama kipepeo?" nikauliza.

Akamtazama dada, siyo mimi. "Kama kipepeo."

Nikauliza lini. Akafungua viganja tu.

Kwenye basi dada kasema daktari ana sauti nzuri. Machipukizi yanafika magotini. Namwagilia maji asubuhi na jioni. Jannes anasema nitayaozesha. Basi sasa hata kumwagilia siruhusiwi.

Jumamosi, 21 Julai

Nimekwenda duka la bustani nikanunua kichaka kimoja cha aina ile ile, cha kwenye chungu, tayari kina maua. Kifupi, maua ya rangi ya waridi. Nimekiweka mbele ya kiti chake. Dada kakinusa.

"Mgeni huyu katoka wapi?"

Dukani, nikasema. Akasema karibu. Tukakaa hadi saa ya chakula. Kaja nyuki mmoja.

Jumapili, 5 Agosti

Wikiendi ya kuhesabu vipepeo. Redio imesema baada ya baridi ile ni wachache mno nchi nzima. Miaka yote dada alihesabu na mimi nikaandika. Leo nilihesabu mimi. Mweupe mmoja, yule mla kabichi, akapita juu ya chungu wala hakutua.

"Wangapi?"

Ilinijia kusema uongo. Kumi. Kumi na wanne, wale wenye macho ya tausi kwenye mabawa, anaowapenda. Nikafungua mdomo.

"Mmoja," nikasema. "Kabichi."

"Mjinga yule," akasema dada, na akaendelea kugeuza uso polepole, huku na kule, kama anayetafuta stesheni kwenye redio.

Vichaka vinafika kiunoni. Majani mengi, mazuri. Hakuna ua.

Jumanne, 4 Septemba

Vitumba. Kwenye kichaka cha kwanza tu. Vikia vya kijani, vigumu, vimefumba. Asubuhi nyasi zina umande wa baridi na mbayuwayu wameshaondoka. Nimesimama pale nikavisemesha kabisa, kwa sauti. Fungukeni basi. Jannes kanisikia kutoka upande wa pili wa uzio na kwa mara ya kwanza maishani hakutoa ushauri.

Dada kamwaga kahawa kando ya kikombe leo, mara mbili. Nimefuta.

Alhamisi, 13 Septemba

Ua moja limefunguka. Nusu yake, kwa chini. Zambarau, harufu ya asali. Mvua ilinyesha hadi mchana, sasa kuna jua. Nimemtoa dada na kiti chake, blanketi magotini, nami nimekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, naandika juu ya goti.

Tumekaa. Hakuna kitu. Wingu. Jua tena.

Katua! Mwekundu na mweusi, ncha za mabawa zina madoa meupe. Yuko juu ya ua, anafungua na kufunga mabawa. Sijasema kitu. Nataka kujua kama atamwona mwenyewe. Nimemtazama dada — kageuza uso kabisa, anaelekea banda la baiskeli, anaelekea ukutani! Kampa kisogo! Nikanyoosha mkono nikamshika kidevu nimgeuze, pole pole, huku, dada, huku.

Akaondoa mkono wangu.

"Niache, Hilje. Naangalia."

Nikakumbuka. Pembeni. Anaangalia kwa pembeni. Nimerudi kwenye ndoo yangu nimetulia. Midomo yake inachezacheza kidogo, kama enzi zile alipokuwa akiwaita majina. Jina silisikii. Simuulizi.

"Bado yupo?" kaniuliza sasa hivi.

Sijui. Nilikuwa namtazama yeye.